Kupoza kwa sumaku: jinsi ya kuunda kipozaji kidogo cha gadolini mezani

Kabla hujanunua chochote, tundika kipimajoto kwenye chumba utakachofanyia kazi, ukisome saa 8 mchana. Ukikuta nyuzi 20 hadi 24, kama ilivyo siku nyingi Nairobi au Mbeya, kazi yako itakuwa nyepesi. Ukikuta 31, kama Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, kifaa kitafanya kazi bado, ila utahitaji barafu. Kipimo hiki kinaamua mambo mengi kuliko ukubwa wa sumaku, na ndicho watu wengi hukiruka.

Sababu ni hii. Kila metali inayovutwa na sumaku ina joto ambalo likivukwa, metali hiyo hupoteza usumaku wake. Huitwa joto la Curie. Kwa chuma ni nyuzi 770, kwa gadolini, metali ya kijivu tutakayoitumia hapa, ni karibu nyuzi 20 tu. Metali ikiwa karibu na joto hilo, kuiingiza kwenye uga wa sumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku) huzilazimisha atomi zake kujipanga upande mmoja, na metali hupata joto. Ukiitoa, atomi hutawanyika tena na metali hupoa. Pierre Weiss na Auguste Piccard walilipima jambo hili kwa nikeli mwaka 1917. William Giauque alilitumia mwaka 1933 kufikia robo ya nyuzi juu ya sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, na mwaka 1976 Gerald Brown wa NASA akaonyesha kwamba gadolini inaweza kupoza hata katika joto la chumba. Kadiri unavyoachana na nyuzi 20, nguvu inapungua: kwenye nyuzi 31 unapoteza takriban theluthi.

Kifaa tunachoeleza hapa hakitapoza soda. Ni cha kujifunzia: unakiendesha kwa mkono, na ncha yake moja inakuwa ya baridi na nyingine ya moto, zikipishana kwa nyuzi 4 hadi 8 ukikiunda vizuri. Ukikielewa hiki, umeelewa friji yoyote ya sumaku utakayokutana nayo.

Vitu vinavyohitajika

- Sumaku 2 za neodimi, daraja la N52, milimita 40 × 40 × 20, zenye ncha za sumaku kwenye nyuso pana.
- Mabamba 2 ya chuma cha kawaida (si cha pua), 80 × 100, unene milimita 20, na nguzo moja ya chuma hichohicho, upana 80, unene 20, kimo 52.
- Boliti 4 za chuma cha pua za M10, urefu milimita 140, na boliti fupi za kufunga nguzo.
- Punje za gadolini gramu 12, kipenyo cha milimita 0.3 hadi 0.6, pamoja na kipande kimoja kizima cha gramu 10 au zaidi, unene usiozidi milimita 10, kwa jaribio la kwanza.
- Mabomba ya sindano: moja la mililita 3 na mawili ya mililita 1.
- Mrija wa dripu, na sentimita 10 za mrija wa kapilari (mrija mwembamba sana wa shaba) kutoka kwa fundi friji.
- Kipimajoto cha njia mbili kinachosoma hadi 0.1, chenye thamokapo (waya za kupimia joto) nyembamba za aina ya T. Zile za aina ya K zina waya wenye nikeli unaovutwa na sumaku, na zitakusumbua.
- Maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri ya gari (si asidi yake), na kulanti ya rejeta.
- Mbao ngumu, sponji, gundi ya epoksi, na soksi nyembamba za nailoni.

Hakikisha gadolini ni gadolini

Metali hii ni ghali na huagizwa kwa posta, na kwa macho huwezi kuitofautisha na metali nyingine ya kijivu. Chukua sumaku dhaifu, ile ya kubandikia karatasi kwenye mlango wa friji. Tia kipande kizima kwenye maji ya barafu kwa dakika 5, kifute haraka, kiguse na sumaku: kitanasa. Kishike kiganjani kipate joto, au kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 40, ujaribu tena: kitaachia na kuanguka. Chuma na nikeli hunasa kwenye maji yote mawili. Alumini hainasi popote. Kinachonasa kwenye baridi na kuachia kwenye uvuguvugu ndicho unachokitafuta.

Usiisage gadolini wala kuikata kwa mashine ya kusugulia. Vumbi lake huwaka moto. Ukilazimika kukata, tumia msumeno wa mkono, polepole, huku ukidondosha mafuta, na unga unaobaki uuweke ndani ya mafuta, usiutupe kwenye pipa la taka kavu.

Kuunda fremu ya sumaku

Hapa ndipo vidole huumia. Sumaku hizi mbili zikiwa zimeachana kwa milimita 12 zinavutana kwa nguvu ya karibu kilo 50, na zikisogea zaidi nguvu inazidi. Vaa miwani na glavu nene. Mwenye kifaa cha moyo asiwepo chumbani. Simu na kadi za benki ziwe mbali, na watoto wasiachwe karibu na sumaku hata ndogo, kwani mbili zikimezwa hubana utumbo baina yao.

Toboa bamba la juu matundu manne yenye uzi wa M10, moja kila kona, nje ya eneo la sumaku. Kwenye bamba la chini, mkabala na matundu hayo, choboa vishimo vifupi ili ncha za boliti zisiteleze. Bandika kila sumaku kwenye bamba lake peke yake: iegemeze ukingoni mwa bamba juu ya kabari ya mbao, iteremshe taratibu, kisha isukume hadi mahali pake, milimita 20 kutoka ukingo wa mbele. Hakikisha nyuso zitakazotazamana ni za ncha tofauti. Jaribu kwa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi: uso wake uleule unaovutwa na sumaku ya chini usukumwe na ya juu. Ukikosea, uga katikati ya mwanya utakuwa karibu na sifuri na kazi yote itakuwa bure. Zungushia gundi ya epoksi, uache usiku kucha.

Funga nguzo nyuma ya bamba la chini. Kaza boliti nne ndefu kwenye bamba la juu hadi zitokeze milimita 120 kwa chini, uliweke bamba juu yake kama meza yenye miguu minne. Kwa umbali huo mvuto bado ni mdogo. Sasa rudisha kila boliti nusu mzunguko kwa zamu, kona kwa kona, bamba lishuke likiwa sawa. Likilala juu ya nguzo, lifunge kwa boliti fupi, kisha utoe zile ndefu. Utabaki na mwanya wa milimita 12 wenye uga wa karibu tesla 0.9 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Kamwe usilishushe kwa mikono, hata mkiwa watu wawili wenye nguvu.

Jaribio la kwanza

Funga thamokapo kwenye kipande kizima cha gadolini kwa tone la gundi, ukifunike kwa sponji pande zote isipokuwa zile zitakazoelekea sumaku. Kiache kifike nyuzi 20, kwa barafu ikibidi. Kiingize kwenye mwanya kwa mkupuo mmoja. Kipimajoto kitapanda nyuzi 1.5 hadi 2.5 ndani ya sekunde chache. Subiri joto hilo lipotee, kisha kichomoe: kitashuka kiasi kilekile. Ukiona chini ya nyuzi 1, angalia kwanza joto la kipande, halafu kama kimeingia chote, halafu mwelekeo wa sumaku.

Nyuzi 2 hazitoshi kupoza kitu. Ndiyo maana tunahitaji mrija wa punje.

Mrija wa punje

Wazo lenyewe, ambalo wataalamu huliita rijenereta, ni kuzifanya punje zikabidhiane joto. Punje za upande mmoja zinaanza kazi pale za jirani zilipoishia, na maji yanayopita katikati yao ndiyo yanayobeba joto kutoka hatua hadi hatua. Nyuzi 2 zinajengana juu ya nyuzi 2.

Bomba la mililita 3 lina kipenyo cha ndani cha karibu milimita 8.7, na kwa nje linakaribia 10. Lipime kwa kalipa, maana viwanda havifanani. Weka duara la soksi ya nailoni, mikunjo miwili, kwenye upande wa pua. Mimina punje kidogo kidogo huku ukigonga bomba kwa penseli, kila milimita 5 za kimo gonga mara 30. Kwa urefu wa milimita 40 zitaingia karibu gramu 11 zikiwa za duara, kama gramu 9 hadi 10 zikiwa na umbo lisilo la duara. Chini ya gramu 9, ndani kuna mapengo. Zimwage uanze upya.

Usilionee uvivu hilo. Kiasi kidogo cha nafasi kinagharimu sana, kwa sababu mililita moja ya maji hushika joto karibu mara mbili ya mililita moja ya gadolini. Hata punje zikijazwa vizuri, asilimia 40 ya mrija ni maji, na maji hayo hula zaidi ya nusu ya zile nyuzi 2. Punje zilizolegea zina tatizo la pili: zikiingia kwenye uga zinasimama kwa mistari kama vumbi la chuma karatasini, na maji yanapata njia ya mkato.

Juu ya punje weka duara jingine la soksi, kisha kichwa cha mpira cha pistoni ya bomba lilelile, ukiwa umekitoboa na kupitisha kipande kifupi cha mrija wa dripu pamoja na thamokapo. Kisukume kibane kabisa, ukate plastiki iliyobaki, uzibe kwa epoksi. Upande wa pua, pitisha thamokapo ya pili kwenye mrija wa dripu uliotobolewa kwa sindano, uzibe. Ncha za thamokapo zote mbili ziguse maji, milimita 2 tu kutoka kwenye punje.

Upande mmoja utakuwa wa baridi: unganisha bomba la mililita 1 moja kwa moja, mrija uwe mfupi uwezavyo. Upande wa moto, katikati ya mrija na bomba la mililita 1, weka ule mrija wa kapilari uliokunjwa kama herufi U, uchovye kwenye kikombe cha maji. Hapo ndipo joto linapotupwa. Shaba isiguse punje za gadolini, la sivyo zitaoza haraka.

Pistoni mbili za mabomba madogo zifunge kwenye fremu moja ya mbao ili moja ikisukuma nyingine ivute. Mrija wenyewe ukae juu ya kibao kinachoteleza kwenye reli za mbao, ukiingia na kutoka mwanya kwa upande wa mbele, mwendo wa sentimita 8 au zaidi. Reli za droo za dukani ni za chuma na zitanaswa. Skrubu zote ziwe za shaba nyeupe au plastiki. Funika mrija kwa sponji palipo na nafasi, hasa upande wa baridi.

Maji na hewa

Changanya kulanti sehemu 1 kwa maji yaliyokenekwa sehemu 9. Maji matupu hula gadolini, na ndani ya siku chache utaona ungaunga mweupe. Jaza mfumo wote ukiwa umezamishwa kwenye beseni, uuinamishe huku na huku na kuugonga hadi mapovu yaishe. Povu moja la ukubwa wa punje ya mchele linatosha kuharibu kazi: ukisukuma pistoni, povu linabanwa, maji hayasogei kwa kipimo chake.

Kuendesha

Mzunguko mmoja una hatua nne, na mpangilio wake hauruhusu makosa.

1. Ingiza mrija kwenye mwanya. Punje zinapata joto. Subiri nusu sekunde.
2. Mrija ukiwa ndani, sukuma maji mililita 0.4 hadi 0.5 kutoka upande wa baridi kwenda wa moto.
3. Toa mrija nje. Punje zinapoa. Subiri nusu sekunde.
4. Mrija ukiwa nje, rudisha maji yaleyale kutoka upande wa moto kwenda wa baridi.

Mzunguko mzima uchukue sekunde 4. Hesabu kwa sauti ukiona unapoteza mdundo. Mrija utavutwa kwa nguvu unapokaribia mwanya, na kuutoa kunahitaji mkono. Hiyo ndiyo kazi inayolipia ubaridi, ikichukua nafasi ya kompresa ya friji ya kawaida. Baada ya mizunguko 10 namba mbili za kipimajoto zitaanza kuachana. Baada ya dakika 3 hadi 5 zitatulia.

Walio pwani: maji ya kikombe cha upande wa moto yawe nyuzi 22 hadi 24, ukitia vipande vya barafu na kukoroga. Lengo ni katikati ya mrija kubaki karibu na nyuzi 20. Usiyashushe chini ya hapo kwa kudhani baridi zaidi ni bora. Ukiuanzisha mrija kwenye nyuzi 8, umeuondoa kwenye joto la Curie kwa upande mwingine.

Yanayoharibika mara nyingi

Namba zinaachana, lakini upande uliokusudiwa kuwa baridi ndio unaopanda: umegeuza hatua ya 2 na ya 4. Kifaa hakijaharibika, kinapoza upande wa pili.

Zinaachana kwa nyuzi 1 au 2 tu kisha zinagoma: mara nyingi unasukuma maji mengi mno. Zaidi ya mililita 0.6, maji ya moto yanaingia ndani mno ya mrija na kufuta tofauti uliyoijenga. Punguza hadi 0.3, kisha panda taratibu. Chini ya 0.15 nako maji yanasogea mahali pamoja bila kubeba kitu.

Namba zote mbili zinapanda pamoja: joto halitoki upande wa moto. Ongeza urefu wa kapilari iliyozama, au badili maji ya kikombe.

Namba zinarukaruka mrija ukiwa ndani ya mwanya: ni thamokapo. Soma ukiwa umeutoa.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, wiki ya pili hafifu: kutu. Ukimaliza kazi kila siku, toa maji, suuza kwa spiriti, pitisha hewa hadi mrija ukauke. Chumvi za gadolini ni sumu, kwa hiyo nawa mikono, na usitumie vikombe hivyo tena kwa chai.

Kutoka mezani hadi jikoni

Fanya hesabu moja uone ukubwa wa safari. Kila mzunguko wako unabeba, kwa kadirio la juu, nusu mililita ya maji iliyopozwa kwa nyuzi 1, sawa na jouli 2. Kwa sekunde 4 ni nusu wati. Chupa ya soda ya mililita 300 kutoka nyuzi 30 hadi 5 inahitaji kuondolewa jouli 31,000 hivi. Hata pasingekuwa na upotevu wowote, ingechukua saa 17 za kusukuma bila kupumzika.

Mashine za kweli zinaongeza kasi kwa kuzungusha sumaku kwa mota, na zinatumia mirija mingi iliyopangwa duara ili mmoja unapovutwa kuingia uusaidie mwingine kutoka. Lakini ugumu mkubwa ni uleule tulioanza nao, joto la mahali. Friji ya jikoni Mombasa lazima idumu na nyuzi 4 ndani huku jikoni kuna 32. Ongeza nyuzi chache kila upande ili joto liweze kuingia na kutoka, na pengo ni karibu 40. Gadolini yenye joto la Curie moja haifiki huko kwa nguvu ya maana ikiwa na sumaku za kudumu. Kwa hiyo watafiti hupanga tabaka za aloi (michanganyiko ya metali), hasa za lanthani, chuma na silikoni zilizotiwa hidrojeni, kila tabaka likiwa na joto lake la Curie, kuanzia la baridi hadi la moto. Tabaka moja likikosewa mpangilio, linakuwa mzigo kwa mengine.

Kuhusu gesi zinazotumika ndani ya friji za kawaida, tuseme ukweli. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yanalenga gesi kama R134a, ambayo kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Friji nyingi mpya za nyumbani tayari zinatumia R600a, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana, ingawa inashika moto. Anayesema tununue friji ya sumaku kwa sababu ya gesi peke yake, hoja yake ina nguvu zaidi kwa friji za zamani kuliko za leo. Hoja nzito zaidi ni umeme, na hapo mashine ya sumaku inapaswa kushinda baada ya kuhesabiwa pampu na mota yake, si punje zake tu.

Na akija mtu kukuuzia sumaku ya kufunga kwenye bomba la friji yako ili ipoze zaidi, mrudishe. Bomba kwa kawaida ni la shaba, ndani yake kuna gesi, na hakuna kati ya hivyo kinachopata joto wala kupoa kwa sumaku kwa kiasi ambacho kipimajoto chako kitakiona. Fedha hiyo inunulie mpira mpya wa mlango.